Chamchela Ndani ya Chupa ya Achari

Somo yangu Mwanaidi,

Barua huanza kwa kuuliza hali. Yako siiulizi, naiombea. Yangu ni nzima, isipokuwa leo nimeamka na woga kama biharusi, na mkono wa gauni la mteja nimeushona ndani nje. Nimeufumua, nimeushona tena, nimeukosea tena. Nikaona bora nifunike cherehani, nivute kiti mlangoni nikuandikie. Ungekuwepo ningekupigia simu, ungenicheka, na yangekuwa yamekwisha.

Leo ndiyo siku ya Rukia kurudi. Au ya kutorudi. Shule zinafunguliwa kesho kutwa, na mwanao yuko kisiwani Mkwiro kwa mama yako tangu likizo ilipoanza. Walipokuwa wakiondoka nilimwambia, mbele ya bibi yake, kwamba akitaka kubaki kule abaki, vitabu na nguo zake nitampelekea mwenyewe, na wala sitanuna. Hayo niliyasema kwa ulimi. Moyo ulikuwa na maneno yake mengine, nawe waujua moyo wangu, haujawahi kuwa na adabu. Simu ya mama yako imezimwa tangu jana, bila shaka amesahau kuipeleka kwa jirani kuchajiwa. Kwa hiyo sina habari. Wakivuka asubuhi hadi Shimoni, adhuhuri watakuwa wamefika hapa Ukunda. Akija bibi yake peke yake, nitajua amekuja kuchukua nguo.

Ngoja nikueleze tulivyofika hapa, usije ukadhani nimemtesa mwanao.

Ulipotutoka, baada ya hitima, wazee walikaa. Baba yake Rukia habari zake unazijua mwenyewe, sina haja ya kuchafua karatasi. Ikaonekana mtoto asihamishwe shule katikati ya mwaka, akae kwangu. Mama yako ndiye aliyelimaliza lile jambo. Akasema, "Mwanaidi wangu ameniachia Mwanaidi mwingine, nitakwenda kumtafuta nani tena?" Nikainama. Mimi sikujaaliwa mtoto, walijua wote, na hakuna aliyelitaja. Na wewe ulikuwa umeshaniusia, siku ile ya homa, kabla hujapelekwa hospitali: "Nikifa, somo, mwanangu usimshonee nguo za kubana." Nikakutukana. Nilidhani ni mzaha wako wa kila siku.

Nguo zake zote ni pana. Nataka ulijue hilo.

Sasa nikukumbushe ile chupa. Ulikuwa umerudi kutoka kazini Diani, bado umevaa ile fulana ya manjano ya kuchezesha watoto wa wageni hotelini. Hukuketi. Hukuomba hata maji. Ulisema, "Somo, nipe chupa yako ya achari." Nikakuambia achari haijesha. Ukaimimina kwenye bakuli mbele ya macho yangu, ukaiosha chupa mara tatu na harufu ya embe isitoke, ukatia maji, ukatia tone la sabuni ya vyombo, ukatia rangi kidogo ya biriani ili yaonekane. Kisha ukapiga magoti chini ya cherehani yangu, ukaokota vipande vya uzi mwekundu, ukavitupia ndani. Nikakuuliza kama hoteli imekupa kazi au imekutia wazimu.

Ukaufunga mfuniko. Ukaizungusha chupa kwa kiganja, upande mmoja tu, kama mtu anayesuuza chupa ya chai. Ukaituliza. Na pale katikati, somo, maji yakajichimba yenyewe. Ukashuka mkia mwembamba kutoka juu mpaka karibu na kitako, na nyuzi zangu zikawa zinaukimbilia zikiuzunguka. Rukia alikuwa na miaka mitano labda. Alipanda juu ya kochi akasema, "Mama amekamata chamchela." Maana alikuwa anaijua ile ya vumbi ya uwanja wa shule, ile inayobeba karatasi za peremende na kofia za watoto. Ukamweleza kwamba maji yakizungushwa hukimbilia pembeni, katikati pakapungua, ndipo hewa ikateremka. Akakuuliza ikisimama inakwenda wapi. Ukasema haiendi popote, maji yamepumzika. Ukazungusha tena. Tulikaa pale mpaka wali ukashika chini.

Na ile ya kombe? Nacheka peke yangu hapa mlangoni, watu wanapita wananitazama. Mama yako alikuja kututembelea na kichwa kinampasua. Alikuwa ameshamwomba mwalimu wa madrasa amwandikie kombe, zile aya zinazoandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe zikaoshwa kwa marashi, mgonjwa akanywa. Mwalimu alikuwa ameahidi atalileta nyumbani alasiri. Sisi tuko sokoni. Mama anaingia, anaona dirishani chupa safi, imefunikwa vizuri, ndani yake maji ya rangi ya zafarani. Angedhani nini kingine? Akaelekea kibla, akapiga Bismillahi, akapiga na mafunda ya mtu mwenye imani.

Tulimkuta amekaa chini anapiga chafya, povu limemjaa mdomoni, na uzi wangu mwekundu umemning'inia kidevuni. Akatuuliza, kwa upole kabisa, huyu mwalimu ameandika kwa wino gani. Wewe ukaanguka mlangoni kwa kicheko ukashindwa kuinuka. Mimi nilidhani tumemuua. Ulipomweleza aliufuta mdomo kwa leso, akatuapisha tusimwambie mtu yeyote maishani. Kisha akaongeza kwamba, hata hivyo, kichwa kimepoa.

Hizo ndizo siku zetu. Sikujua kwamba zilikuwa siku. Nilidhani ni mambo tu ya kupitisha wakati huku nikingoja pasi ipate moto.

Habari nyingine za huku ni chache. Chumba chako amepanga kijana wa bara, mpole, anafanya kazi jikoni kwenye hoteli moja na hupiga muziki taratibu. Fulana yako ya manjano anaivaa msichana mwingine. Nilimwona stendi, nikageuza uso kisha nikaona haya, kwa kuwa hakunikosea kitu. Mwembe wa nyuma wamekata tawi lililokuwa likigonga bati lako. Mama Wanjiku wa mboga bado anapunja fungu la mchicha, lakini siku za msiba wako alituletea sufuria ya maharagwe kila jioni, na tangu hapo siwezi tena kugombana naye kama zamani.

Basi Rukia akahamia kwangu. Wewe na mimi tulizaliwa sote siku ya Idi, tukapewa jina moja, tukaitana somo maisha yetu yote, na sikuwahi kufikiri kwamba jina linaweza kuwa mtihani. Wiki zile za kwanza, mtu akiniita kutoka njiani, "Mwanaidi," mwanao aliinua kichwa upesi. Kisha akakishusha. Kila mara aliinua, na kila mara akakishusha. Sikuweza kuvumilia. Nikazunguka kwa majirani nikawaomba wasiniite tena jina langu, waniite Fundi. Wakakubali. Hata Mama Wanjiku alijitahidi, akawa anaanza "Mwana" halafu anajikohoza.

Nikazikunja leso zako nikazifungia sandukuni. Picha yako nikaitia kwenye droo ya nyuzi. Nikampangia mtoto shughuli tangu alfajiri mpaka magharibi, shule, madrasa, kusuka nywele, kwenda kwa fulani, kurudi, kumsaidia fulani. Nilidhani akishughulishwa hatapata nafasi ya kulia. Na kweli hakulia. Hata siku ya maziko hakulia. Watu wakanisifu, wakasema mtoto ametulia, na mimi nikafurahi, mjinga mkubwa.

Kitu kimoja tu alichokiomba ni chupa. Alikuwa ameileta mwenyewe kutoka chumbani kwako, ameizungushia kanga. Na hapa ndipo nilipomharibia. Kwetu sisi, unatujua, chombo nusu ni aibu. Mama yangu alitulea hivyo: ukimpa mtu maji, mpe yaliyojaa, na bakuli la jirani halirudi tupu. Basi kila Rukia alipotaka kufanya chamchela, mimi ndiye niliyemjazia, mpaka shingoni, mpaka mfuniko ukifungwa maji yakafurika. Akazungusha kwa mikono miwili. Nyuzi zikazunguka zote kwa pamoja, mkia usishuke. Akaitazama, akaiweka chini taratibu, akasema, "Haidhuru, Mama Mdogo."

Hiyo haidhuru yake ilinikata. Nikabadilisha sabuni. Nikalaumu maji yetu ya kisima kwa chumvi yake, nikanunua ya dukani. Nikangoja mvua, nikakinga. Nikazungusha mwenyewe mpaka kifundo cha mkono kikauma nikashindwa kukata kitambaa. Na kila mara nikijaza, pomoni. Haikufanya. Nikajiambia ilikuwa baraka ya mkono wako, imekwenda nawe. Rukia akaacha kuiomba.

Halafu jioni moja yuko uani na simu yangu, anazungumza na bibi yake, nami niko ndani natunga uzi. Nikamsikia akisema, kwa adabu yake ile ile, "Bibi, nataka kuja kukaa kwako. Huku Mama hatajwi."

Nilikasirika, somo. Unanijua, hasira yangu hutangulia kufika kabla ya akili. Nikawaza jinsi nilivyoamka alfajiri, nilivyoshona, nilivyopika, halafu hivi ndivyo ninavyolipwa. Nikamkasirikia mama yako kwa kumsikiliza. Nikakukasirikia na wewe, kwa kufa na kuniachia mtoto anayekutaka wewe. Nililala na hasira hiyo. Asubuhi ilikuwa imeondoka, limebaki lile neno peke yake, na lilikuwa kweli.

Mama yako alifika likizo ilipoanza. Alileta pweza mkavu, na alileta begi tupu. Nilimpa shikamoo yake, akaitika marahaba mwanangu, tukaulizana hali kama inavyopasa, na muda wote huo mimi nalitazama begi. Nikampikia. Nikazikunja nguo za Rukia mwenyewe. Hatukulizungumza jambo lenyewe, kila mmoja akimwonea mwenzake huruma.

Rukia akaingia na chupa. Nilikuwa nimeijaza asubuhi ile, nikitumaini angalau mara moja kabla hajaondoka. Akaiweka mbele ya bibi yake akasema, "Hii ndiyo aliyokuwa akifanya Mama. Ila siku hizi haifanyi." Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akisema Mama mbele yangu.

Sasa mtazame mama yako, na chupa ile mbele yake, na maji yale ya rangi ya zafarani. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Aliinyakua, akafungua mfuniko anuse kwanza. Chupa imejaa, ina utelezi wa sabuni, na mikono yake unaijua, haishiki imara tena. Ikamponyoka kidogo, maji mengi yakamwagika kwenye leso yake na kwenye mkeka. Nikakimbilia kitambaa. Na kwa mkono wa pili, Mungu anisamehe, nikashika jagi niijaze tena.

Rukia akanishika mkono. "Usijaze, Mama Mdogo," akasema. "Mama alikuwa anaacha nafasi."

Akaufunga mfuniko. Akazungusha kwa kiganja, upande mmoja, kama wewe, na sijui alijifunza lini kukunja kidole cha mwisho kama ulivyokuwa ukikikunja. Akaituliza. Na chamchela ikashuka katikati, na nyuzi zikaizunguka, na tukaitazama sote watatu mpaka maji yalipopumzika.

Kisha akamwuliza bibi yake kwa nini alinusa. Mama yako akanitazama. Nikamwambia kiapo ni chake, akitaka kukivunja akivunje. Akakivunja. Aliisimulia yote, Bismillahi na kibla na mafunda na chafya, akasimama kuigiza ulivyoanguka mlangoni, mkongwe yule, na leso yake bado inachuruzika. Na alikuwa akilitaja jina lako kila pumzi. Mwanaidi akasema hivi. Mwanaidi akacheka vile. Rukia alicheka mpaka akashika mbavu. Nilikuwa sijakiona kicheko chake tangu ulipoondoka. Halafu kikageuka kikawa kilio, ghafla, kilio cha sauti kubwa cha mtoto aliyefiwa, akaangukia mapajani mwa bibi yake.

Mama yako hakumwambia anyamaze. Alimshika tu mgongo akawa anasema, "Mwanaidi wangu, Mwanaidi wangu." Na mimi miguu ilikuwa imeshaanza kwenda. Nilitaka kumchukua, nimfute, nimpe maji, nimpe andazi, nimpe chochote. Nikasimama. Nikaliweka jagi chini. Nikaenda jikoni nikawaacha, nikalilia huko huko, kwenye vitunguu.

Walipomaliza ndipo nilipomwambia yale maneno ya kubaki akitaka. Akaniuliza kama nitakasirika. Nikamwambia nitahuzunika, na huzuni si hasira. Akafikiri. Akabeba begi, akanibusu mkono, akaenda.

Tangu siku hiyo leso zako nimezitoa sandukuni. Moja nimeivaa sasa, ile ya maua meusi, na usinidai. Picha yako iko ukutani juu ya cherehani. Nimezunguka tena kwa majirani kuwaambia waniite jina langu. Mama Wanjiku alisema, "Afadhali, hiyo Fundi ilikuwa inanishinda." Lakini hayo yote nimeyafanya katika nyumba isiyo na mtoto, na sijui kama hayakuchelewa. Nyumba ni kimya. Hata chupa ameondoka nayo. Nimepika mara moja kwa siku, wakati mwingine sijapika kabisa, chai na mkate basi. Nampenda, somo. Nilianza kwa kumpenda kwa ajili yako. Sasa nampenda yeye, kwa haidhuru zake na kiburi chake na anavyosahau kufunga mlango wa choo, na hilo sikukwambia hata wewe.

Adhuhuri imepita. Nimesikia tuktuk mbili na zote zimepita.

Niliacha kuandika hapo. Wamefika.

Walikuja wote wawili. Mama yako alikuwa nyuma analipa nauli na kugombana na dereva, Rukia mbele na begi. Sikulitazama begi kama limejaa au tupu, nilijizuia. Ameungua na jua, amerefuka, jino la mbele limeota nusu. Akanipa shikamoo, nikaitika. Nikataka kusema mambo mengi na likatoka moja tu. Nikamwuliza, "Umekuja kuchukua vitabu, mwanangu, au umekuja kukaa?"

Alivua viatu, akanipita, akaenda moja kwa moja jikoni. Nikasikia mfuniko wa sufuria ukifunuliwa. Nikasikia wa pili. Nikasikia na mlango wa kabati. Akatoka amekunja uso, uso wako mtupu, mikono kiunoni.

"Mama Mdogo, mbona hujapika? Mimi nina njaa."

Somo, mgeni hafunui sufuria za watu.

Nimeomba ruhusa niingie chumbani kidogo kubadilisha leso, nao wanadhani nabadilisha leso. Namalizia upesi. Likizo zake zote ni za mama yako, hilo nimeliahidi na nitalitimiza hata nikiumwa. Jina lako litatajwa humu ndani, kwa kicheko na kwa kilio, na akitaka kunyamaza nitamwacha anyamaze. Sitajaribu kukaa pale ulipokuwa umekaa wewe. Nitakaa kando yake, pananitosha. Mola akupanulie kaburi lako, akupe nuru, atukutanishe tukiwa na furaha zetu.

Niwie radhi kwa mwandiko. Nakwenda kuosha mchele, mwanetu ana njaa.

Ni mimi, somo yako,
Mwanaidi